Namba Ambayo Mapendo Hakuiomba

Nawaona, vijana. Mnafungua akaunti zenu, simu inawaambia mngoje namba ya kuthibitisha, na papo hapo mnakunja uso kama watoto waliopewa kwinini. Mjukuu wangu Nanjala ndiye aliyeanzisha haya yote juzi. "Kukhu, hii kitu inanichelewesha. Naizima." Niliruka kutoka kwenye kiti! Magoti yangu hayajaruka hivyo tangu nistaafu. "Ukiizima hiyo," nikamwambia, "chai yangu usinywe tena." Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki, akauliza kwa nini. Nilichomjibu ndicho ninachowaandikia sasa, maana hata leo nikikikumbuka mwili unanisisimka.

Kazi yangu ilikuwa ya saiba. Chumba chenye kompyuta, watu wanaingia, wanalipia dakika, wanasoma imeili, wanaandika maombi ya kazi, wanachapisha, wanakwenda zao. Mimi nilikaa meza ya mbele. Niliwasha mashine, nikafuta vumbi, nikamfundisha mtu mzima mwenye vidole vya kushika rungu jinsi ya kushika kipanya. Nimezaliwa upande wa Kimilili, lakini miaka yangu mitamu ya kazi niliilia Turkana: Lodwar kwanza, kisha Kakuma. Hii ninayoisimulia ni ya 2012 na 2013.

Lodwar ya wakati ule mngeiona! Habari za mafuta zilikuwa zimetoka na mji ulifurika. Magari ya kampuni, wageni wenye kofia ngumu, vijana wenye vyeti ndani ya bahasha za kaki. Kila mtu alitaka imeili. Jamaa mmoja alitoka Kerio na harufu ya samaki bado mikononi, akasimama mbele yangu kama mtu aliyekuja kubatizwa. "Madam Nekesa, nifungulie imeili. Nasikia kazi siku hizi inapitia huko." Nikamfungulia. Aliposoma jina lake kwenye kioo aliligusa kwa kidole. Niliipenda kazi ile, jamani. Mtu anaingia hana anwani popote duniani, anatoka anayo.

Lakini paswadi zao sasa! Mtu anaweka jina lake na mwaka aliozaliwa. Nikimwambia abadilishe, anaweka jina la mke na mwaka aliooa. Tulikuwa na afisa mmoja wa serikali, mtu mkubwa wa mwili na sauti, aliyekuwa akianza kupiga kelele tangu mlangoni: "Madam, niwashie mashine, paswadi ni ile ile, ngamia moja mbili tatu!" Nikimwomba ashushe sauti, anajibu, "Hawa wote ni watu wangu." Baadaye akisahau paswadi yenyewe aliwageukia wateja wengine, na benchi zima likamjibu kwa pamoja.

Mwenye saiba alikuwa Mzee Lokwang, Mturkana mrefu mwenye mvi, mtu wa maneno machache. Kabla ya simu kufika kule, yeye alikuwa mtu wa redio, zile za kushika mkononi na kusema "ova", ambazo vituo vya mbali vilitumia kuongea na mji. Kompyuta alizijulia uzeeni. Ila somo lake kubwa kwangu halikutoka kwenye kompyuta hata kidogo.

"Sauti ya mtu inaweza kuigwa," aliniambia siku moja tukipiga chai. "Kwa redio mtu anajiita Todonyang, ile kituo ya mpaka. Anataka gari itumwe haraka. Mimi nasema sawa, ova, nazima. Halafu mimi ndio naita Todonyang. Kama Todonyang anajua hiyo maneno, gari inaenda. Kama Todonyang anashangaa, gari inakaa."

"Na walishangaa mara ngapi, mzee?"

"Mara moja inatosha."

Basi asubuhi moja akaingia mchungaji wetu, jasho linamtiririka hadi kwenye kola. Waumini wake wote wenye imeili walikuwa wameamka na kukuta ujumbe kutoka kwake, anawauzia dawa ya kupunguza kitambi. Na mchungaji mwenyewe, Mungu ambariki, alikuwa na kitambi cha heshima. "Madam," alininong'oneza, "mama mmoja ameniuliza mbele ya wazee wa kanisa kama mimi nimeshaijaribu." Tulicheka hadi tukashika mbavu, naye akacheka pamoja nasi. Kisha tukajaribu kuingia kwenye akaunti yake. Paswadi ilikataa. Aliyeiiba alikuwa ameshaweka ya kwake. Tulijaza maswali ya kampuni ya imeili, tukajibu, tukangoja, tukajibu tena. Haikurudi. Barua za marafiki waliosaidia shule yake ya chekechea, mahubiri yake ya miaka, picha za maharusi aliowafungisha ndoa, vyote vilikwenda na yule muuza dawa. Siku alipokubali kwamba vimekwenda, alishukuru, akavaa kofia, akatoka taratibu. Hakuna aliyecheka tena.

Jambo lile lilimkaa Lokwang rohoni. Akawa kila akipata nafasi anaketi kwenye mashine ya kona, anasoma Kiingereza cha kampuni kimya kimya, midomo ikitembea. Alasiri moja, joto la kuyeyusha soli za viatu, nikasikia akiniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nekesa! Kuja! Hawa watu wameweka redio ndani ya imeili!"

Nikakimbia. Kwenye kioo palikuwa na maneno ya kuthibitisha kwa hatua mbili. Ukishaandika paswadi, kampuni haikufungulii kwanza. Inatuma namba kwenye simu yako, na mpaka uandike namba hiyo, mlango haufunguki. Lokwang akaiwasha kwenye akaunti yake mwenyewe. Akaiweka simu mezani kando ya kikombe, akahamia mashine nyingine, akaandika paswadi. Tukangoja. Mtandao wa Lodwar mnaujua, au waulizeni wazazi wenu. Tukangoja tena. Halafu simu ikatetemeka, ikatembea yenyewe mezani mpaka ikagonga kikombe!

"Ejok!" mzee akapiga kofi mezani. "Ejok nooi!" Vizuri sana, kwa Kiturkana chake.

Unajua alichofanya kisha? Akasimama katikati ya saiba akawatangazia wateja wote paswadi yake. Kwa sauti! Yule afisa wa ngamia alikuwepo, akatoa macho. "Ingieni," Lokwang akasema. "Mwenye ataingia, nitampa soda." Wakajitupa kwenye kibodi. Huyu anaandika, simu inatetemeka mfukoni mwa shati la mzee. Yule anaandika, inatetemeka. Mzee anatembea kati ya viti mkono kifuani, kila ikitetemeka anaruka kidogo kama mtu aliyetekenywa, na hakuna hata mmoja aliyeingia. Saiba nzima tulikuwa tunapiga kelele kama uwanja wa mpira. Afisa wa ngamia ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Mimi pia niwekee hiyo."

Siku hiyo ndipo nilipoelewa. Paswadi ni kitu unachokijua kichwani, na kitu cha kichwani wanaweza kukijua watu wawili na wewe usisikie lolote. Hakipungui, hakiachi alama. Simu ni kitu unachokishika. Mwizi akiichukua, utajua kabla hujafika nyumbani. Mwenye kutaka kukuibia sasa lazima apate vyote viwili, na aliye mbali atakipata wapi kile cha mfukoni mwako?

Mwaka ulipoelekea kwisha, Lokwang akafungua tawi Kakuma na kunipeleka niliendeshe. Chumba cha mabati karibu na soko la kambi ya wakimbizi, jenereta nje, vumbi ndani. Kakuma ilinishangaza. Kwenye benchi moja nilikuwa na Msomali, Msudani, Mhabeshi, Mkongo na Mturkana, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili kikitembea katikati kikichechemea lakini kinafika. Tena nikagundua kwamba huko imeili haikuwa ya kazi peke yake. Watu waliotawanywa na vita walipatikana humo. Mtu alifungua akaunti yake kama anayechungulia dirishani kuona nani anakuja.

Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la duka, alikaa fundi cherehani aitwaye Mapendo, mama wa Kikongo, Mbembe wa upande wa Fizi. Cherehani yake na jenereta yangu vilishindana kelele siku nzima. Mapendo alipotezana na mdogo wake, Riziki, siku waliyokimbia kwao. Usiku wa watu wengi, njia mbili, kila mmoja akabebwa na ya kwake. Mapendo akapitia Uganda hadi Kakuma. Riziki hakujulikana kama yuko Burundi, Tanzania, Uganda, au hayuko.

Na Mapendo alikuwa amebuni njia yake ya kutafuta. Alifungua imeili yenye jina la mama yao na jina la nyanya yao, yameunganishwa, ili Riziki akiisikia mara moja asiisahau. Halafu kila aliyesafiri kutoka Kakuma, awe dereva, mfanyabiashara au mwimba kwaya, alishikwa pale barazani na kukaririshwa anwani hiyo. "Sema tena. Hapana, umeruka herufi moja. Sema tena!" Watu walikuwa wakipanda gari huku wanaimba imeili ya Mapendo. Kwa hiyo anwani ile ilikuwa imeshatawanyika katika vinywa vya watu, Kampala huko, Bujumbura huko. Haingewezekana kuwafuata wote na kuwaambia imebadilika.

Aliponieleza hayo nilihisi baridi mgongoni, Kakuma, saa saba mchana! Nikamuuliza paswadi yake ni neno gani. Akainama sikioni kwangu. "Riziki."

"Mama Mapendo, kila mtu sokoni anajua unamtafuta Riziki!"

"Njo sababu siwezi isahau," akasema.

Tukabadilisha siku hiyo hiyo. Kisha nikamweleza habari ya hatua ya pili. Hakuwa na simu, alitumia ya jirani, na jirani mwenyewe alikuwa tayari namba ziwe zinaingia kwake. Nikakataa. Jirani anahama, jirani anauza laini, jirani mnakosana kwa ajili ya maji ya bomba. Hatua ya pili ni yako au si hatua. Mapendo akarudi kushona, na sare za shule zilipoisha akaja na simu mpya mkononi, kile kisimu kidogo chenye tochi tunachokiita mulika mwizi. Nikamwambia jina lake. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Nikamwekea. Nikamchapishia pia zile namba za akiba ambazo kampuni hukupa, za kutumia simu ikipotea. Alipozificha hakuniambia na sikumuuliza. Na ninyi fanyeni hivyo, kwa sababu simu hupotea, na mtu aliyewasha hatua ya pili bila akiba atajifungia nje ya nyumba yake mwenyewe.

Msidhani alifurahi. Alilalamika kuliko Nanjala! "Madam, kila siku simu, namba, simu, namba. Ni kama mutu ameolewa na askari wa geti." Nikamwambia avumilie huyo bwana. Akaguna, akavumilia.

Halafu ikaja ile linki.

Ilikuwa 2013, asubuhi. Jenereta ilikuwa inakohoa na mimi nilikuwa nje nyuma ya chumba, nimelala ubavu, mikono imejaa oili, nahangaika na plagi. Nikawa nasikia watu wanaingia kwa wingi, nikafurahi, biashara hiyo. Ilipokaa sawa nikaingia nikijifuta mikono. Kila mashine ilikuwa na ukurasa ule ule mmoja! Ulikuwa na picha ya ndege, bendera za nchi za ng'ambo, na maneno kwamba majina ya waliochaguliwa kwenda kuishi huko yametoka. Andika jina lako, namba ya simu, imeili yako, na paswadi ya imeili yako, ujione kama umo. Mtu alikuwa amemtumia mwenzake, mwenzake akawatumia kumi.

Kabla sijafungua mdomo, Abdirahman akaruka. Alikuwa kijana wa Kisomali aliyefundisha shule ya msingi, mteja wangu mpole kuliko wote, aliyekuwa ameandikiana na vyuo kwa muda mrefu akitafuta nafasi ya kusoma. "Madam, imenitoa nje! Naandika paswadi yangu inasema siyo!"

Akafuata mwingine. Na mwingine.

"Mikono juu!" nikapiga kelele. Sijui ilitoka wapi, labda kwenye filamu. "Mtu asiguse kibodi! Mikono juu!" Na wote wakainua mikono, jamani, saiba nzima, kama mimi ndiye niliyekuja kuwaibia. Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Ndipo nikamwona Mapendo akivuka barabara mbio, futi ya kupimia nguo ikipeperuka shingoni, mkono mbele ameshika kile kisimu kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Madam! Simu inaniletea namba. Sijaomba namba! Nilikuwa nashona!"

"Uliandika kwenye ule ukurasa?"

Akatazama chini. "Asubuhi. Ulikuwa kwa jenereta."

Basi nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Mwizi, popote alipokuwa, alikuwa na paswadi ya Mapendo sasa hivi. Alikuwa ameiandika, na amekwama mlangoni. Nilitaka kucheka na kulia! Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie hivyo, simu ikaita mkononi mwake. Namba ngeni. Mapendo akapokea, nikamwonyesha aweke spika.

"Shikamoo mama. Naongea na Mapendo?" Sauti ya kiume, Kiswahili cha Nairobi chenye adabu kupita kiasi.

"Ndiyo."

"Hongera sana, mama. Jina lako limepatikana kwenye orodha ya safari. Kuna namba imeingia kwa simu yako sasa hivi, si ndiyo?"

"Imeingia."

"Nisomee hiyo namba nifunge faili yako. Haraka tu mama, ikiisha muda nafasi inaenda kwa mwingine."

Nilitikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Mapendo akaniona. Alikuwa amekaza midomo, na nilidhani tumeshinda. Lakini yule mtu alikuwa fundi wa kazi yake. Akashusha sauti. "Na mama, yule ndugu yako unayemtafuta, naona naye yuko hapa kwenye faili."

Kakuma ile, ni nani hakuwa anatafuta ndugu? Alirusha jiwe gizani tu. Lakini nilimwona Mapendo anavyobadilika. Mabega yalishuka. Macho yalijaa. "Riziki?" akasema.

"Ee, Riziki huyo huyo. Nisomee namba, mama."

Kidole cha Mapendo kilianza kutafuta ujumbe kwenye kisimu. Singeweza kumpokonya simu. Ilikuwa yake, na ndugu alikuwa wake. Nikasogea nikamnong'oneza kile Lokwang alichonifundisha. "Mwambie akate. Mwambie wewe ndiye utapiga."

Akanitazama. Halafu akapangusa macho kwa ncha ya ile futi.

"Baba, asante," akasema. "Sasa kata simu. Miye mwenyewe nitapigia ofisi yenu ya hapa Kakuma. Niwasomee wao."

"Hapana mama, usipige ofisini, huko hawajui hii…"

"Hawajui? Basi minakuja kwa miguu, sasa hivi. Uko geti gani?"

"Mama, unapoteza nafasi."

"Unavaa shati ya rangi gani, nikujue?"

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, kisha wote. Yule bwana wa adabu akamtukana tusi ambalo siliandiki hapa, akakata.

"Haya, Madam," Mapendo akasema. "Tufukuze huyu mutu."

Tukaketi. Simu ikatetemeka tena, namba nyingine, na tena. Ilikuwa kama kusikia mtu anagonga mlango wako huku umekaa ndani. Nikamwambia asipitie linki yoyote, aandike mwenyewe anwani ya kampuni pale juu, herufi kwa herufi. Akaandika. Akaweka paswadi. Namba yake ikaja, ile ya mwisho kabisa, tukaisoma pamoja kwa sauti ya chini, akaiandika kwa kidole kimoja. Ikafunguka! Kila barua ilikuwa pale pale alipoiacha. Tukabadilisha paswadi, tukamtupa nje kila mtu ambaye si yeye, na kisimu kikatulia mezani. Kimya kile! Mapendo akanikumbatia, oili yangu yote ikahamia kwenye blauzi yake, na watu wakapiga makofi.

Abdirahman naye alipiga makofi. Sitamsahau kwa hilo. Akaunti yake alikuja kuipata baada ya wiki nyingi za kuandikiana na kampuni, lakini mwizi alikuwa ameifuta tupu. Alianza upya, barua moja moja, chuo kimoja kimoja. Alipoondoka kwenda kusoma, nilikuwa bado Kakuma, nikamsindikiza.

Siku ile ya linki sikupumzika. Kila mtu alitaka hatua ya pili. Walipanga foleni hadi barabarani, wengine bila hata imeili, wanataka tu wawekewe. Niliwaeleza kwa Kiswahili, mwingine akaeleza kwa Kisomali, mwingine kwa Kiarabu cha Juba, hadi jenereta ikaishiwa mafuta.

Siku hizi mna njia bora kuliko zetu. Kuna programu inayowapa namba ndani ya simu bila kungoja mtandao, kuna funguo ndogo za kuchomeka, tumieni hizo mkiweza, maana laini ya simu nayo huibwa. Lakini wezi ni wale wale. Namba ile haisomwi kwa mtu yeyote, hata akijiita nani, hata akijua jina la mama yako. Na namba ikiingia hujaiomba, usiifute ukaendelea kula. Hiyo ni habari. Mtu ana paswadi yako. Inuka ukaibadilishe.

Mapendo aliendelea kufungua imeili yake kila siku, na kila siku haikuwa na kitu. Mvua ikanyesha, mto Tarach ukajaa ukatukatia njia, ukakauka tena. Aliacha kumlalamikia yule askari wake wa geti. Anaingia, anatazama, anafunga, anarudi kwenye cherehani.

Halafu asubuhi moja nikasikia kiti kikianguka.

Nilifika kwenye mashine yake kabla kiti hakijatulia. Ujumbe ulikuwa mfupi, kutoka kambi moja ya Uganda. Mwimba kwaya mmoja alikuwa ameibeba anwani mpaka huko. Mapendo hakuweza kusoma, machozi yalimziba, ikabidi nimsomee mimi. Uliandikwa hivi: "Watu wamenidanganya sana, kwa hiyo jibu hili kwanza. Kama ni wewe Mapendo, ni nani alimwaga mawese siku ya arusi ya shangazi?"

Fikirini, vijana. Fikirini swali lile lingemkuta yule bwana wa Nairobi ameketi ndani ya akaunti. Angejibu nini? Riziki angehesabu kwamba huyu naye ni mwongo kama wale wengine, na angefunga mlango.

Mapendo alisoma tena mwenyewe, akapangusa uso, na nikaona anakasirika! Akaandika kwa vidole viwili, anaipiga kibodi kama inayodaiwa. "NI WEWE ULIMWAGA. Nikachapwa miye, bure." Akatuma.

Hatukutoka pale. Wateja waliingia nikawaambia wajihudumie. Jibu lilipofika tulikuwa watu wengi nyuma ya kiti kile, hata wasiojua Kiswahili.

"Ni wewe. Mtu mwingine yeyote angeomba msamaha. Nipe namba ya simu."

Simu ikaita, na Mapendo akatoka nayo nje, kwenye jua kali, katikati ya barabara. Boda boda zikampitia huku na huku zikipiga honi. Alikuwa analia, anacheka, anapiga mguu chini, anapunga mkono kama mtu aliye mahakamani. Sijui Kibembe hata kidogo. Lakini kupitia spika ya kile kisimu nilimsikia mwanamke mwingine, mbali sana, akimjibu kwa ukali ule ule, na kutoka kwa wote wawili nilisikia neno moja likirushwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi: mawese, mawese, mawese.